Mshika mbili huponyokwa? Kisa cha ndege, barua na mseto wa Mumias

Neno uraibu lina kisa chake. Fungua ukurasa wa watoto katika gazeti la Kiswahili na utamkuta mwanafunzi, picha yake pembeni, akitueleza kwamba uraibu wake ni kusoma hadithi, kuogelea na kuchora. Geuza kurasa mbili tatu, ufike kwenye habari za kaunti, na hapo uraibu ni balaa: vijana waliozama katika pombe haramu, wazazi wanaolia, chifu anayeahidi msako. Neno ni lile lile. Mtoto wa ukurasa wa kwanza na mlevi wa ukurasa wa tatu, kwa mujibu wa msamiati wetu, wote ni waraibu.

Wapo walimu wanaoudhika na jambo hili na kutaka tubuni neno jingine la shughuli za starehe. Mimi sioni haja. Asili ya uraibu ni tambuu, tumbaku, kahawa na vyote ambavyo binadamu hutia mdomoni si kwa sababu ya njaa bali kwa sababu vinamchangamsha. Tambuu haishibishi. Hakuna aliyewahi kunenepa kwa kutafuna popoo. Lakini mzee wa Mombasa wa zamani angekwambia kwamba siku isiyokuwa na tambuu haikukamilika. Basi kusoma kitabu ambacho hakimo katika mtihani, kukusanya stempu, kuangalia ndege, kufungua redio mbovu ili uone kilichomo, hayo yote ni tambuu ya akili.

Shida ni kwamba lugha yetu, pamoja na ukarimu wake wote, humtilia shaka mtu wa mambo mengi. Anayeuliza sana tunamwita mdadisi, na sauti inayotumika aghalabu si ya sifa. Akizidi kidogo, udadisi unakuwa udaku. Anayefungua vitabu vya watu ni mpekuzi, neno linalomfananisha na kuku anayeparura jaani. Anayejua mambo matano tofauti ni mjuaji, tusi ambalo halina dawa. Na juu ya yote ipo ile mithali ambayo kila mmoja wetu alichapwa nayo utotoni: mshika mbili, moja humponyoka.

Mithali hii haitumiki nyumbani pekee. Chini ya mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, mtoto wa miaka 15 hivi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Sipingi mtaala, watu wenye ujuzi kuliko mimi wanajadili hilo. Ila nimewasikia wazazi hapa Musanda wakiwashauri wanao, na ushauri huwa mmoja: shika kimoja, achana na mengine. Binti anayependa kemia na tarumbeta huambiwa tarumbeta haina mshahara. Mvulana anayetunga mashairi na kufuga sungura huambiwa achague, kana kwamba sungura watasusia mashairi.

Ajabu ni kwamba ushauri huu unatolewa Musanda. Wadi hii ya Mumias Magharibi, pamoja na jirani zake zote, inajua vyema kuliko pengi nchini maana ya kushika kimoja. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka wa 1971 na kuanza kusaga miwa mwaka wa 1973. Kwa muda mrefu mambo yalikuwa mazuri. Karo ililipwa kwa miwa, mahari ililipwa kwa miwa, na mashamba mengi yaliyokuwa na wimbi, mtama, njugu na viazi vitamu yakageuka bahari moja ya kijani. Halafu kiwanda kikaanza kuyumba, na mnamo Septemba 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Waliokuwa wamebakiza kipande cha mihogo na kundi la kuku walipumua. Waliokuwa wameng'oa kila kitu wapande miwa hadi kwenye kizingiti cha mlango walijua maana ya njaa huku wamezungukwa na sukari. Wataalamu wa kilimo wana neno zuri la njia ile nyingine: kilimo cha mseto.

Mseto ni neno la jikoni kwanza. Ni mchele na choroko, au mchele na pojo, vilivyopikwa chungu kimoja. Wakenya wengi walikutana nalo upya mwaka wa 2008, pale tulipopewa serikali ya mseto, na tangu hapo limekuwa na harufu ya siasa. Ningependa tulirudishie harufu yake ya chunguni. Maana yapo maisha ya mseto pia, na usomaji wa mseto, na historia yake katika sehemu hii ya Afrika ni ndefu na ya kusisimua kuliko tunavyodhani. Kisa kimoja kilitokea kilomita chache tu kutoka hapa ninapoandikia. Nakisimulia kwa kirefu kwa sababu, nikiri mapema, ndicho kisa kinachoitetea mithali.

Kabla ya kuitwa Mumias, mji huo ulijulikana na misafara kwa jina la Kwa Sundu, yaani kwa Nabongo Shiundu, mtawala wa Wawanga. Waswahili wa pwani walikuwa wakifika hapo kutafuta pembe za ndovu kabla ya Mzungu yeyote, na Kiswahili kilitia mguu ukingoni mwa Mto Nzoia mapema kuliko watu wanavyokisia. Joseph Thomson alipita mwaka wa 1883. Askofu James Hannington aliacha sehemu kubwa ya msafara wake hapo mwaka wa 1885, akaendelea na wapagazi 50 kuelekea Busoga, na huko akauawa. Wakati huo Shiundu alikwisha kufariki na mwanawe, Nabongo Mumia, ndiye aliyeketi kwenye kiti. Angekaa nacho mpaka mwaka wa 1949. Mwenyeji huyu aliona wageni wa kila namna, na nadhani hakuna aliyemshangaza zaidi ya yule aliyefika Novemba 1889.

Frederick John Jackson alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuwa anaongoza msafara wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na maagizo yake yalikuwa pembe, urafiki na machifu, na kupata habari za Emin Pasha. Alikatazwa kuingia Buganda, ambako Kabaka Mwanga alikuwa akipambana na mahasimu wake. Lakini Jackson hakuwa mwajiriwa wa kampuni tu. Alikuwa mraibu wa ndege. Tangu afike Lamu mwaka wa 1884, alikuwa akiwapiga, akiwachuna, akiwakausha na kuandika kwa uangalifu walipatikana wapi, rangi ya macho yao, walikuwa wanakula nini. Bunduki yake ilikuwa ya ndovu na ya chozi vilevile.

Mwanga alimwandikia barua kuomba msaada. Jackson, kwa kuzingatia maagizo, alijibu kwa tahadhari, kisha akaondoka Mumias kuelekea kaskazini hadi Mlima Elgon. Alikwenda kutafuta pembe na, maadamu alikuwa Jackson, ndege. Alipanda mlima pamoja na mwenzake Ernest Gedge. Kilele kimoja cha Elgon hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Unaweza kumwona, kijana yule, kwenye baridi ya mianzi, mkononi ana kiumbe ambaye hakuna kitabu chochote Ulaya kilichomtaja. Ni furaha ambayo kila mwenye uraibu anaijua.

Huku nyuma, Februari, mgeni mwingine akaingia kwa Mumia. Carl Peters, Mjerumani mkali aliyekuwa amekwisha kuipatia nchi yake sehemu kubwa ya Tanganyika kwa mikataba ya kutatanisha, naye alikuwa anasema anamtafuta Emin Pasha. Akakuta mfuko wa barua zilizokuwa zikimsubiri Jackson. Muungwana hafungui barua ya mtu. Peters alizifungua. Ndani akakuta habari mbili zilizokuwa na thamani kuliko pembe zote za Elgon: kwamba Emin Pasha alikwisha kuondoka na Stanley, kwa hivyo hakuna wa kuokolewa, na kwamba Mwanga alikuwa tayari kukubaliana na Mzungu atakayemsaidia. Peters hakupoteza siku. Akaenda mbio Buganda, akamtia Mwanga saini kwenye mkataba wa Kijerumani. Jackson aliporudi Mumias mwezi wa Machi, akiwa na makasha ya ndege, alikuta barua zimesomwa na nchi imeondoka nazo.

Mshika mbili, moja humponyoka. Hebu niambie kama kuna mfano safi zaidi.

Bahati ndiyo iliyomwokoa. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo wa 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao Waingereza waliachia kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, na Wajerumani wakaachia madai yao juu ya Uganda na ulinzi wa Zanzibari. Karatasi ya Peters ikawa ya kufungia mandazi. Wala Mwanga, wala Mumia, wala mtu yeyote wa huku hakuulizwa maoni. Musanda yenyewe ikajikuta ndani ya Uganda ya Waingereza, na ikabaki humo mpaka mwaka wa 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande wetu.

Lakini simulizi haliishii kwenye barua. Ndege wa Jackson walifika London, na mwaka wa 1891 wataalamu wakaanza kuwapa majina. Kuna hondohondo wa Jackson, kwale wa Jackson, na yule ndege mweusi wa nyanda za juu, dume lake lenye mkia mrefu, anayeruka juu na kutua, juu na kutua, kwenye nyasi ndefu kama mpira, ili majike wamwone. Yupo pia kongoni wa Jackson. Kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye leo anafugwa na waraibu wa kila bara, ni kinyonga wa Jackson tangu 1896. Baadaye alikuwa gavana wa Uganda kati ya 1911 na 1918, na nadra utamkuta anayekumbuka alitawalaje. Kazi yake kubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda ilitoka mwaka wa 1938, juzuu tatu nzito, miaka tisa baada ya kifo chake, ikiwa imekamilishwa na mtu mwingine.

Sitaki msomaji adhani natetea ukoloni kwa kisingizio cha ndege. Uraibu ule ulibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi wa Kiswahili na wa Kinyamwezi walisafirisha chumvi ya kukaushia ngozi, na wenyeji waliojua ndege fulani analala wapi ndio walioonyesha njia. Mtoto wa Musanda mwenye manati alikuwa na jina la kila ndege wa Nzoia, na tabia yake, na wimbo wake, kabla ya jina lolote la Kilatini. Majina yao hayakuandikwa kwenye vibandiko vya makasha. Haya ni lazima yasemwe, tena kwa sauti. Ila hata baada ya kuyasema, nabaki na swali: kwa nini miongoni mwa wanaume wale wote waliopita kwa Mumia, wenye mikataba na bendera, ni mwenye uraibu pekee ambaye kazi yake bado inatumika na wanafunzi wa vyuo vyetu wenyewe?

Na tazama utani wa historia. Emin Pasha, yule ambaye wote walidai kumtafuta, naye alikuwa nani? Daktari wa Kijerumani aliyesilimu, mjuzi wa lugha nyingi, gavana wa Ikweta kwa niaba ya Misri, na mkusanyaji mkubwa wa ndege, aliyepeleka maelfu yao kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Na katika msafara wa Jackson alikuwemo James Martin, baharia wa Malta ambaye jina lake halisi ni Antonio Martini, aliyekuwa amekuja na Thomson mara ya kwanza. Martin alikisema Kiswahili vizuri, aliongoza misafara kwa ustadi, baadaye akawa afisa wa serikali, ilhali hakujua kusoma wala kuandika. Katika kisa ambacho hatima ya nchi iliamuliwa na barua, mmoja wa wahusika wake wakuu hakuweza kusoma hata bahasha.

Miaka mitano baadaye Mumias ilimpata mraibu mwingine. Charles William Hobley alifika mwaka wa 1895 kama msimamizi wa serikali. Mafunzo yake yalikuwa ya jiolojia, lakini kule kwetu akajikuta anakusanya msamiati wa lugha za Wanga, Wajaluo na Wanandi, anapima mito, anachunguza mila, na kuandika kuhusu kila kitu. Mwaka wa 1909, yeye na Jackson walikuwa miongoni mwa walioanzisha jijini Nairobi chama cha wapenzi wa historia asilia. Mwaka uliofuata chama hicho kilifungua jumba dogo la makumbusho, na hilo ndilo shina la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Watoto wetu wanapopanda basi la shule kwenda kumwona nyoka na ndovu aliyekaushwa, wanazuru, kwa namna fulani, uraibu wa makarani wawili wa Mumias.

Usomaji wa mseto una tabia moja: hauachi njia iliyonyooka. Nilianza na ndege, nikafika kwenye barua, na sasa ndege wananipeleka Lamu. Jackson alifika Lamu mwaka wa 1884 kwa mwaliko wa rafiki yake Jack Haggard, aliyekuwa naibu wa balozi wa Uingereza huko. Kaka yake Haggard huyo ndiye Rider Haggard, aliyechapisha mwaka wa 1885 riwaya ambayo Waswahili tunaijua kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyofasiriwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka wa 1929. Wapo wanaosema kwamba Kapteni Good, yule mhusika anayejali nguo zake hata nyikani, alitokana na Jackson. Liwe kweli au lisiwe, nafurahi kufikiri kwamba babu zetu waliosoma Mashimo kwa taa ya kibatari huenda walikuwa wakimcheka mtu aliyewahi kulala Mumias.

Na katika Lamu ile ile, Jackson alipokuwa akizunguka na bunduki yake, alikuwepo kijana Mswahili wa umri wa karibu miaka 30. Sina ushahidi kwamba walikutana. Mji ni mdogo, njia zake ni nyembamba, punda akipita lazima mtu ajibanze ukutani. Kijana huyo ni Muhammad bin Abubakar bin Omar, anayejulikana zaidi kama Muhammad Kijumwa, na kama kuna mtu aliyekuja duniani kuikanusha mithali yetu, ni yeye.

Kijumwa alizaliwa yapata mwaka wa 1855 na kufariki mwaka wa 1945. Alikuwa mshairi. Alikuwa mwandishi wa hati, mwenye mkono mzuri wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kiasi kwamba ukitazama kazi yake unasahau kusoma. Alikuwa mchonga mbao. Alipiga kibangala, alicheza ngoma, alitunga nyimbo za mashindano ya mitaa, zile ambazo upande mmoja wa mji uliutukana mwingine kwa ufundi. Alifundisha wageni Kiswahili. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo iliyokuwa kificho cha nyingine. Alikuwa yote kwa pamoja.

Watu wa mji hawakumwelewa wote. Masheikh walichukia muziki wake na ngoma zake, na urafiki wake na wamishonari ulimtia doa machoni pa wengi. Pengine aliitwa mjuaji, kwa Kiamu chake. Lakini sikiliza yaliyotokea. Wataalamu wa Ulaya walipoanza kutafuta ushairi wa kale wa Kiswahili, Alice Werner, William Hichens, na katika miaka ya 1930 Ernst Dammann, wote walijikuta kwenye mlango huo huo. Kijumwa alijua nani ana hati gani, bibi gani anakumbuka beti gani, neno gani la zamani lina maana gani. Alinakili tendi baada ya tendi, alilipwa kwa kazi hiyo, na mwaka wa 1913 akatunga utenzi wa Fumo Liyongo ambao wanafunzi wa fasihi wanausoma hadi leo. Hati zake zimetunzwa London na Hamburg. Ukiondoa kazi ya mkono wake, sehemu nzuri ya tunachokiita fasihi ya kale ya Kiswahili ingekuwa na mashimo makubwa, wala si ya Mfalme Sulemani.

Kwa nini yeye, na si mwanachuoni mmoja mwenye heshima aliyeshika jambo moja? Nadhani jibu liko katika ule mseto. Aliyejua ngoma ndiye aliyejua utenzi unaimbwa kwa mahadhi gani, na bila mahadhi vina ni hesabu tu. Aliyechonga milango aliingia majumbani mwa watu, na majumbani ndimo hati zilimofichwa. Jicho la mchongaji ndilo lililoongoza kalamu. Alichoponyokwa ni nini hasa? Utajiri labda. Na sifa ya utulivu.

Sasa turudi magharibi, kwa sababu nisingependa msomaji abaki na fikra kwamba watu wa namna hii walikwisha pamoja na vibatari. Ukishuka na Mto Nzoia kutoka Mumias mpaka unapoingia ziwani, unafika nyanda za Budalang'i na mji wa Port Victoria. Hapo alilelewa Calestous Juma, aliyezaliwa Juni 1953, mtoto wa seremala. Alifunza katika shule ya msingi Mombasa kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Na kama walimu wengi wenye akili isiyotulia, alikuwa akiandika barua kwa mhariri.

Barua tena! Hizi safari hii zilisomwa na waliokusudiwa. Gazeti la Daily Nation lilizipenda, likamwajiri kuwa mwandishi wake wa kwanza wa masuala ya sayansi na mazingira. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Sussex, ambako alipata uzamifu mwaka wa 1987. Mwaka wa 1988 alianzisha Nairobi kituo cha utafiti wa teknolojia barani. Kati ya 1995 na 1998 aliongoza ofisi ya mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bayoanuwai, kisha akawa profesa wa Harvard mpaka alipofariki Desemba 2017.

Ukitaka kujua usomaji wa mseto unazaa nini, soma kitabu chake cha mwaka wa 2016, Innovation and Its Enemies. Swali lake ni moja: kwa nini watu hupinga vitu vipya? Ila tazama anakopita kulijibu. Anaanza na kahawa, jinsi ilivyopigwa marufuku Makka mwaka wa 1511 kwa hoja kwamba wanywaji hukaa pamoja na kusema mengi. Anakwenda kwenye uchapishaji wa Kurani, kwenye siagi ya bandia na vita vyake na wafugaji wa Marekani, kwenye trekta lililochekwa na wenye farasi, kwenye umeme, barafu, na muziki wa kurekodiwa uliowafanya wanamuziki wa Marekani kugoma kuingia studio mwaka wa 1942. Anafika kwenye mimea iliyobadilishwa jeni, ambako kwa kweli alikuwa na lake jambo. Msimamo wake huko ulipingwa na wengi, nami simfuati kila hatua. Lakini hakuna mtu wa mkondo mmoja ambaye angeweza kukiandika. Mwanauchumi angeiacha kahawa ya Makka. Mwanahistoria angeogopa jeni. Mwandishi wa magazeti angeishia aya ya tano.

Alikuwa pia bingwa wa vikatuni na vichekesho mtandaoni, na nusu ya waliomfuata huko sidhani walijua ana vyeo gani.

Nimesema kwamba kisa cha Jackson kinaitetea mithali, na sitaki kuruka hoja hiyo kwa ujanja. Kushika mengi kuna gharama. Barua husomwa na wengine ukiwa mlimani. Walimu wana haki ya kuhofia mtoto anayeanza mambo saba na kutomaliza hata moja. Huyo hana mseto, ana chungu kisichoiva. Kijumwa alimaliza utenzi. Jackson aliandika kibandiko cha kila ndege. Juma alijibu swali lake. Mithali inasema juu ya mikono, na mikono kweli ni miwili. Ila akili haishiki kama mkono. Kitu kimoja kikiingia humo hukivuta kingine, kama nilivyovutwa mimi kutoka kwa kwale hadi kwa kibangala bila kukusudia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu unayejaza fomu ya mkondo, mwache binti achague kemia kama ndiyo moyo wake. Tarumbeta usiiuze.

Vitabu navyo ni haba, najua. Wengi wetu tulianza na kipande cha gazeti kilichofungia sukari au nyama, tukasoma habari nusu, na tukaishi miaka tukijiuliza ilimalizikaje. Huo nao ulikuwa usomaji wa mseto, tena wa lazima: siku moja bei ya pamba, siku ya pili kesi ya mauaji, siku ya tatu ushauri kuhusu kuku wanaokohoa. Sijui kama watoto wenye simu wanasoma zaidi au kidogo kuliko sisi. Najua tu kwamba kipande cha gazeti hakikujua unapenda nini, kwa hivyo kilikupa usichokitafuta.

Jirani yangu mmoja hapa Musanda ameng'oa nusu ya miwa yake, akapanda alizeti na kutundika mizinga ya nyuki. Alikuja juzi kuniuliza kwa Kiswahili jike linaloongoza mzinga linaitwaje, kwa sababu mwanawe alimwambia ni malkia, naye akakumbuka kwamba Wazungu wa kale walidhani ni mfalme. Nilimjibu nitatazama. Nimetazama siku nne sasa, na nimefika kwenye nta, mishumaa, makanisa ya Uhabeshi na ushuru wa forodha. Jina bado hatujakubaliana.